Kufungasha Kisumu, Kufungua Perth: Namna ya Kuandaa Mizigo kwa Wakaguzi wa Karantini

Viza ikishatoka, wengi hushughulikia tiketi kwanza, nguo za baridi pili, na mizigo ya meli mwisho kabisa, wiki ile ile ya kuondoka. Geuza utaratibu huo. Kama unahamia Australia, Nyuzilandi, Uingereza au Marekani na unataka kusafirisha vyombo vyako vya nyumbani, anza na vyombo, na uanze miezi mitatu kabla. Nchi hizo hazitakuuliza habari za ushuru tu. Zitataka kujua kama kigoda chako kina wadudu, kama viatu vyako vina udongo, na kama ngoma ya babu yako imewambwa ngozi mbichi. Majibu ya maswali hayo huandaliwa nyumbani, uwe unakaa Kondele, Milimani au Dunga. Mzigo ukishafika bandari ya ugenini, kila kosa linarekebishwa kwa bei ya huko na kwa pesa zako.

Usichukulie ukaguzi huo kuwa usumbufu wa bure. Sisi wa ufuo huu wa ziwa tumelipa bei ya mizigo iliyopita bila kukaguliwa. Gugumaji lilitoka Amerika ya Kusini, likisambazwa duniani kama ua la kupamba madimbwi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limeingia Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1990 likaifunga Ghuba ya Winam hata mitumbwi ikashindwa kutoka. Mwaka 1997 watafiti wa taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI, pale Kibos walianza kuachilia fukusi wanaokula gugu hilo, na bado, upepo ukigeuka, Dunga huamka maji yamefunikwa kijani. Mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950, na mamia ya aina za fulu hazikuonekana tena. Yule dumuzi anayegeuza gunia la mahindi kuwa vumbi, ambaye wakulima wetu humwita Osama, kwao ni Amerika ya Kati. Alishika Tabora, Tanzania, kuelekea mwisho wa miaka ya 1970, kisha mwaka 1983 akaonekana Taveta. Mwaka 2017 tukapokea viwavijeshi kutoka Amerika vilevile.

Na madhara hayaji upande wetu tu. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1921. Mwaka 1957 ugonjwa huo ulifika Lisbon, Ureno, baada ya nguruwe kulishwa mabaki ya chakula cha ndege zilizotoka Afrika. Uingereza mwaka 2001 ilichinja mifugo zaidi ya milioni 6 kwa sababu ya ugonjwa wa miguu na midomo, na uchunguzi ulielekeza kidole kwenye nyama iliyoingizwa kimagendo ikaishia katika makombo ya nguruwe. Mkaguzi anapokuuliza juu ya kipande cha nyama kavu ulichofungiwa na shangazi, historia hiyo ndiyo iliyo kichwani mwake.

Panga vitu kwa kilichovitengeneza

Watu wa kampuni za kuhamisha mizigo hupenda kupanga vitu kwa vyumba: jikoni, sebuleni, chumba cha watoto. Kwa ukaguzi wa karantini mpango huo haukusaidii. Tandaza vitu vyako sakafuni na ujiulize kila kimoja kimetokana na nini. Chuma, kioo, plastiki, udongo wa mfinyanzi uliochomwa, nguo zilizofuliwa na vitabu visivyo na wadudu ni kundi moja, na kundi hilo halina shida. Vinyago vya mawe ya Kisii kutoka Tabaka vimo humo. Vifute vumbi, uvifungie magazeti, umemaliza navyo.

Kinachobaki ndicho chenye kazi: mbao, ngozi na kila kitu cha mnyama, vitu vilivyosukwa kwa majani, vyakula na mbegu, na kila kitu kilichowahi kukanyaga au kuchimba ardhi. Weka kila kundi pembeni na ulishughulikie peke yake.

Udongo

Ukiniuliza kosa linalowagharimu watu wengi zaidi, nitasema ni udongo. Hauonekani kuwa kitu. Lakini gramu chache zilizokwama chini ya kiatu zinaweza kubeba mayai ya minyoo, kuvu wa mizizi, mbegu za magugu na bakteria wasiojulikana huko uendako. Australia, chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya 2015, na Nyuzilandi, chini ya sheria yake ya 1993, huwa hazijali kwamba udongo huo ni kidogo.

Anza na viatu vyote, hata vile ambavyo una hakika ni safi. Njumu za kandanda ndizo mbaya zaidi, kwa sababu udongo mweusi wa mfinyanzi wa tambarare za Kano ukikauka katikati ya meno ya soli hugeuka jiwe. Loweka soli katika maji moto yenye sabuni kwa saa moja, sugua kwa brashi ngumu, kisha pitisha kijiti cha meno katika kila mfereji. Toa kamba za viatu na uzifue peke yake. Geuza kiatu, kipige sakafuni, kitazame tena mchana wa jua. Ukimaliza, kianike juu ya kitu safi, mbali na nyasi, na kikikauka kitie mfukoni siku hiyo hiyo. Nimeona viatu vilivyosafishwa vizuri vikiachwa barazani wiki nzima, na mvua moja ikarudisha kila kitu.

Baiskeli inataka kazi ileile: chini ya matandiko, ndani ya breki, katikati ya spoki, na mnyororo kabisa. Magurudumu ya kigari cha mtoto pia, na mfuko wa fyagio la umeme lazima utupwe na mashine ifutwe ndani. Hema na mikeka ya pikiniki ikague mshono kwa mshono, maana kishonanguo hupenda kujificha kwenye zipu na kwenye soksi za sufu. Jembe, panga la shamba, mashine ya kukata nyasi na vyungu vya maua, ushauri wangu ni kuviacha. Bei yake huko haifiki gharama ya kuvisafisha hadi mkaguzi aridhike. Vifaa vya nyuki hivyo hivyo. Nyavu za samaki zilizotumika ziwani usizipeleke kabisa, kwa sababu hubeba vipande vya gugu na konokono wadogo ambao hakuna mtu atakayeweza kuwatoa wote.

Mbao

Kigoda cha mzee, kinu na mchi, meza ya mvule, fremu za picha, miiko ya kusongea: vyote hivi vinaweza kusafiri kama ni vikavu, havina gamba la mti, na havina kiumbe kilicho hai ndani. Neno gumu ni hilo la mwisho, kwa sababu mdudu anayetoboa mbao hukaa ndani miaka kabla ya kutoka, na tundu unaloliona huenda ni la aliyekwisha kuondoka.

Fanya jaribio hili. Futa chombo kwa kitambaa kibichi, kikauke, kisha kiweke juu ya shuka jeupe ndani ya chumba kisicho na upepo, na usikiguse kwa wiki mbili. Kila baada ya siku chache kiinue polepole na uangalie shuka. Ukiona unga laini wa rangi ya mbao umejikusanya mahali pamoja, kuna mdudu anayefanya kazi humo. Kigonge kwa kiganja upande wa chini. Unga mpya huanguka mweupe na mwepesi, wa zamani huwa na rangi ya vumbi na umeshikana. Nta ya viatu na vanishi haziui kilicho ndani. Huziba tundu tu, na mkaguzi mzoefu akiona tundu lililozibwa atashuku zaidi.

Chombo chenye dalili kinahitaji kufukizwa na kampuni yenye leseni. Kabla hujalipa, uliza mambo mawili: kama hati yao inakubalika katika nchi unayokwenda, na ni gesi gani wanayotumia. Australia, kwa mfano, hutaka kujua nani aliyefukiza, na hati ya kampuni wasiyoitambua huweza kukufanya ulipie kazi ile ile mara ya pili ukifika. Gesi inayotumika sana kwa mbao ni methili bromaidi, nayo haipatani na mpira, godoro la sponji, manyoya, sufu wala ngozi; huviachia harufu isiyotoka. Kwa hiyo usimkubalie wakala anayetaka kufukiza kontena zima na kila kilichomo. Mbao ziende peke yake.

Kuna mbao nyingine ambazo watu husahau kabisa: zile za kufungashia. Fundi wa mtaani atakutengenezea kreti nzuri ya mikaratusi kwa siku moja, na kreti hiyo ndiyo itakayozuiwa. Kanuni ya kimataifa iliyopitishwa mwaka 2002 inataka mbao za kreti na paleti zipashwe joto hadi kiini chake kifike nyuzi 56 kwa dakika 30 mfululizo, au zifukizwe, kisha zipigwe mhuri wenye alama ya shuke la ngano, herufi za nchi, ambazo kwetu ni KE, na herufi za tiba, kama HT kwa joto. Mhuri huo hupigwa na kiwanda kilichoidhinishwa. Fundi hawezi kukuchongea. Kama huwezi kupata mbao zenye mhuri, tumia maboksi mazito ya katoni au masanduku ya bati, ambayo hayamo katika kanuni hiyo.

Na katoni zenyewe zinunue mpya. Ile desturi ya kukusanya maboksi ya mayai, ya ndizi na ya nyama kutoka soko la Kibuye au nyuma ya duka kubwa iache. Kadhalika magunia yaliyowahi kubeba mahindi, na nyasi kavu za kukingia vyombo visivunjike. Magazeti yanatosha, na blanketi zako zilizofuliwa zinatosha zaidi.

Orutu, nyatiti na vitu vyote vya ngozi

Hapa ndipo moyo unapouma, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nyatiti ina nyuzi 8, na bakuli lake huwambwa ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa juani. Orutu ina uzi mmoja na kopo dogo la mbao, na katika orutu nyingi za zamani kopo hilo limewambwa ngozi ya kenge. Vyombo hivi viwili vinafanana machoni pa msafiri, lakini mbele ya sheria vina mashtaka tofauti.

Ngozi ya kenge ni suala la wanyamapori. Kenge wa Nile yumo katika orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori, ambao Kenya ni mwanachama, na kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2013 kuwa na nyara bila kibali ni kosa hapa hapa nyumbani kabla hata hujafika uwanjani. Vivyo hivyo meno ya kiboko na manyoya ya mbuni yaliyoko kwenye vazi la kichwa la wazee, na ngozi ya mbega. Ukikuta kitu cha aina hiyo katika urithi wako, nenda kwa maafisa wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ukiwa na maelezo na picha zake, uulize hatua. Usikifiche kwenye nguo. Urithi ukikamatwa kama magendo hauna atakayekusikiliza ukisema ulikuwa wa babu.

Ngozi ya ng'ombe na ya mbuzi ni suala la magonjwa. Ngozi mbichi iliyokaushwa huweza kubeba kimeta, na vijidudu vya kimeta hukaa miaka mingi bila kufa. Mwaka 2006 mtengenezaji ngoma wa New York alivuta vijidudu hivyo akikwangua ngozi za kutoka Afrika Magharibi, akaugua vibaya. Mwaka 2008 mwenzake wa London alifariki kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo sababu ngoma yenye nywele bado kwenye kingo zake huwasimamisha wakaguzi wote. Ngozi iliyotengenezwa kiwandani, kama ya viatu na mikoba, haina shida hiyo.

Kwa hiyo amua mapema. Kama unanunua nyatiti mpya kwa ajili ya safari, mwambie fundi aiwambe ngozi ya kiwandani tangu mwanzo. Sauti itabadilika kidogo, lakini itafika. Kama unayo ya kawaida na si ya urithi, ondoa ngozi, safisha mbao na usafirishe mwili wa chombo peke yake, kisha uwambe upya ukifika. Na kama ni ile ya marehemu babu, ambayo ngozi yake imeshika jasho la mikono yake, isafirishe kama ilivyo, itangaze waziwazi, na uwe tayari kulipia tiba ya miale ya gama ambayo Australia huikubali kwa vitu vya ngozi. Ni gharama, na mimi naona inastahili. Usiruhusu mtu yeyote aikwangue au kuilowesha ili ionekane mpya.

Usinga wa mkia wa ng'ombe unafuata njia ya ngozi mbichi. Mikoba na mishipi ya kawaida tia sandukuni.

Mafunjo, gugumaji na vikapu

Vikapu vya mafunjo, mikeka, ungo, vibuyu, na zile samani za gugumaji zinazosukwa na vikundi vya ufuoni vinaweza kuvuka mpaka, lakini kwa masharti. Kinachoangaliwa ni mambo matatu: kama kimekauka kabisa, kama kina mbegu au kichwa cha ua kilichosalia, na kama kuna mdudu au kuvu kwenye msuko. Kifunue kila kikapu mchana, kikunje kidogo na utazame chini ya pindo, mahali ambapo mayai ya wadudu hupenda kukaa. Kibuyu kitikise: kikilia, kina mbegu ndani, na mbegu hizo lazima zitoke zote. Kibuyu cha kutikisia ngoma chenye mbegu ndani hakitafunguliwa kwa upole huko kwingine, kwa hiyo badala ya mbegu tia shanga za kioo.

Ufagio wa nyasi uache. Si kwa sababu hauna thamani. Nyasi zake bado zina mashuke.

Chakula, na namna ya kuzungumza na mama

Siku mbili kabla ya safari nyumba itajaa vifurushi. Mama ataleta omena na samli, shangazi aliya, ile nyama kavu, dani, yaani bibi, wa Nyakach atatuma njugu na wimbi, na jirani ataongeza mbegu za mnavu ndani ya karatasi iliyofundikwa. Kukataa siku hiyo ni kuumiza watu. Zungumza nao mwezi mmoja kabla, kwa heshima, uwaeleze kinachopita na kisichopita, na utaona wao wenyewe wakitafuta njia.

Nyama haipiti. Aliya, kuku wa kukaanga, soseji, hakuna nchi kati ya hizi nne itakayoikubali kutoka kwetu, hata iwe imepikwa mara mbili. Samli na maziwa ziweke kundi hilo. Asali hupita Uingereza kwa kiasi kidogo. Nyuzilandi haiitaki kabisa, na ndani ya Australia kwenyewe jimbo la Australia Magharibi, ambako Perth iko, lina kanuni za ziada zinazozuia asali.

Samaki mkavu ana bahati zaidi. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya huruhusu msafiri kilo 20 za samaki kwa matumizi yake mwenyewe, na omena iliyokauka vizuri imo humo. Marekani pia kwa kawaida huruhusu samaki mkavu, ilimradi umtangaze. Kwa Australia na Nyuzilandi usibahatishe; masharti hubadilika kwa aina ya samaki na namna alivyoandaliwa, na Australia huyaweka wazi kwenye intaneti katika hifadhi yake iitwayo BICON. Andika jina la kitu, chagua nchi, soma. Iwe omena ya duka, iliyofungwa na kuandikwa, na mchanga umeshapepetwa.

Nafaka na jamii ya maharagwe ndiko watu wanakoshangaa. Tangu Oktoba 2020 Australia imezuia mchele, maharagwe, kunde, pojo, dengu, njugu mbichi na pilipili kavu visiingie katika mizigo ya binafsi kutoka nchi yoyote, kwa kumhofia mdudu wa ghalani aitwaye kapra. Mwaka huo huo mdudu huyo alikutwa katika majokofu na viti vya watoto vilivyoagizwa kutoka ng'ambo. Kwa hiyo mchele wa Ahero na njugu za dani zibaki nyumbani. Unga wa kiwandani usiofunguliwa una nafasi nzuri kuliko nafaka nzima. Usome masharti yake na uutangaze.

Masharti ya matunda kwa Uingereza na Ulaya ni rahisi kukumbuka. Mananasi, nazi, ndizi, tende na duriani hayahitaji cheti cha afya ya mimea. Kwa Ulaya, embe, parachichi na mapera yanahitaji.

Mbegu zitenge kabisa na chakula. Mbegu za mnavu, mrenda na saga zilizofundikwa karatasini hazina jina, na mbegu isiyo na jina la kitaalamu haiingii. Kama kweli unataka kupanda mboga zako, nunua pakiti ya kampuni yenye jina la kisayansi, angalia kama aina hiyo inaruhusiwa, na uombe cheti cha KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea. Marekani ina utaratibu wa kibali cha mbegu kidogo kidogo, kisichozidi pakiti 50 kwa mzigo mmoja. Magome, mizizi na dawa za mitishamba za unga usizifungashe. Mkaguzi hawezi kujua ni mti gani, na wewe mara nyingi huwezi kumthibitishia.

Mbwa na paka wanahitaji mpango wa miezi mingi, na mahali pa kuanzia ni daktari wa mifugo. Jua hili tu mapema: Australia haipokei mbwa moja kwa moja kutoka Kenya, lazima apitie nchi nyingine iliyoidhinishwa.

Karatasi

Shirika la KEPHIS, lililoanzishwa mwaka 1996, lina ofisi Kisumu, kwa hiyo huna haja ya kwenda hadi Karen. Cheti chao cha afya ya mimea hutolewa baada ya mkaguzi kuona vitu vyenyewe, na huombwa kwa mtandao. Nenda kwao ukiwa na masharti ya nchi unayokwenda mkononi, yamechapishwa, kwa sababu mkaguzi wetu huthibitisha kile ambacho nchi ile imekitaka. Usikiombe mapema mno. Uingereza na Ulaya hutaka cheti kiwe kimetolewa ndani ya siku 14 kabla ya mzigo kuondoka. Vitu vya mnyama ni kazi ya Idara ya Huduma za Mifugo, si KEPHIS.

Orodha ya mizigo iandike mwenyewe, kwa Kiingereza, hata kama wakala amekuahidi kuiandika. Kila boksi namba yake, na kila kitu na kilichokitengeneza: kigoda, mbao, kikapu, mafunjo, ngoma, mbao na ngozi ya mbuzi. Neno kama "vyombo mbalimbali" linamwalika mkaguzi afungue boksi zima. Vitu vyote vya mashaka viweke katika maboksi mawili matatu, uyaandike wazi, na umwombe wakala ayapakie mwisho, karibu na mlango wa kontena, ili ukaguzi usilazimishe kushusha kila kitu. Fomu ya tamko kwa Australia, ile ya mizigo isiyosafiri na mwenyewe, ijaze ukiwa na orodha hiyo mbele yako.

Na ukiwa na shaka, tangaza. Ukitangaza kitu kisichoruhusiwa, utapewa nafasi ya kulipia tiba, kukirudisha, au kukiacha kiharibiwe, na mambo yameisha. Ukinyamaza, faini ya papo hapo Nyuzilandi ni dola 400 za huko, na Australia inaweza kufuta viza yenyewe. Oktoba 2019 mwanamke mmoja aliyetoka Vietnam alirudishwa kutoka uwanja wa Sydney kwa kutotangaza vyakula vyake, ikiwemo nyama mbichi ya nguruwe.

Kontena lenyewe

Mzigo wako utakwenda kwa barabara hadi Mombasa kabla ya meli. Siku ya kupakia, uwepo. Ingia ndani ya kontena mlango ukiwa umefungwa nusu na uangalie kama kuna mwanga unaopenya. Palipo na tundu, mdudu na maji hupita. Sakafu ifagiwe, pembe zisiwe na nafaka za mzigo uliotangulia. Nje, muulize dereva kama chini yake pameoshwa udongo. Ukiweza, mwagize wakala kontena lisikae juu ya nyasi katika bohari ya Mombasa, hasa msimu wa mvua, kwa sababu konokono mkubwa wa pwani yetu hupanda kuta za kontena usiku na kutaga chini yake. Konokono hao waliingia Florida mwaka 1966 wakiwa watatu tu mikononi mwa mtoto aliyetoka Hawaii, na kuwaondoa kulichukua karibu miaka kumi na zaidi ya dola milioni moja.

Ukichangia kontena na wenzako, kumbuka kwamba udongo wa viatu vya mwenzako huchelewesha mzigo wenu wote. Kaeni pamoja mapema mwonyeshane vitu.

Mzigo ukifika, hata baada ya kuidhinishwa, usifungulie maboksi bustanini. Fungua ndani, juu ya sakafu tupu, na utazame kila kona ya katoni kabla ya kuitupa. Ukiona mdudu hai, unga mpya chini ya kigoda, au konokono, usimtoe nje wala usimpulizie dawa. Tia kitu chote ndani ya mfuko wa plastiki, kifunge kwa utepe, kipige picha, na upige simu kwa mamlaka ya nchi hiyo. Australia namba ya wadudu wa mimea ni 1800 084 881. Watakuja kukichukua, na kumbukumbu yako itasema wewe ndiye uliyewaita.